Kikundi cha ukoo: barua ya udahili ya Rehema

*Ijumaa jioni*

Mama Rehema: Hamjambo nyote. Barua ya Rehema imefika. Ni chuo binafsi, uhandisi wa umeme, miaka minne, ufadhili asilimia 60. Kile chuo kikubwa cha umma nacho kimemkubali ila hakitoi hata senti. Tumepewa siku 11 za kujibu. Nishaurini.

Bibi: Hongera mjukuu wangu. Chuo chenyewe kinaitwaje? Mbona sijawahi kukisikia

Baba mdogo Salum: Mama, hata sisi hatukuwa tumekisikia 😀 Shemeji, hiyo 60 ni ya ada tu au ya gharama zote? Tuwekee barua nzima hapa, kurasa zote. Ule wenye nembo na hongera hausaidii kitu.

Rehema: Shikamooni. 📎 *PDF, kurasa 4*
Ukurasa wa 3 unasema: ufadhili ni asilimia 60 ya ada ya mwaka wa kwanza, kwa kiasi kisichobadilika, na utaendelea endapo mwanafunzi atadumisha wastani wa 3.5 na kusajili krediti zisizopungua 15 kila muhula.

Baba mdogo Salum: Marahaba mwanangu. "Kiasi kisichobadilika", hapo ndipo penye urimbo. Tuseme ada ya mwaka wa kwanza ni 100. Wanatoa 60, mnalipa 40. Ukurasa wa 4, maandishi madogo kule chini, unasema ada inaweza kupanda hadi asilimia 5 kila mwaka. Ikipanda hivyo, mwaka wa pili ni 105, wa tatu 110.25, wa nne 115.76. Ufadhili umekaa palepale, 60. Ninyi mnalipa 40, kisha 45, kisha 50.25, kisha 55.76. Jumla 191, na shemeji najua kichwani ulishapiga 160.

Mama Rehema: Ndiyo niliyopiga 🙈

Baba mdogo Salum: Na hapo Rehema hajakosea chochote. Sasa ongeza malazi, chakula, bima, ada ya maabara, mtihani, mahafali. Vyote viko nje ya ufadhili. Vikifika 50 kwa mwaka, gharama ya kweli ni 150 na mnapunguziwa 60. Hiyo ni asilimia 40. Namba ya kulinganisha na chuo cha umma ni ile itakayotoka mfukoni kwa miaka yote minne. Asilimia iliyoandikwa kwa herufi nene muiache hukohuko.

Kaka Idrisa: Mimi kinachoniogofya ni 3.5. Krediti 15 ni kozi tano za krediti tatutatu. Muhula wa kwanza wa uhandisi ni hesabu, fizikia, programu, uchoraji, mawasiliano. Apate A mbili na B tatu: 4+4+3+3+3 = 17, gawanya kwa 5 = 3.4. Ufadhili umeondoka. Na A mbili na B tatu si matokeo mabaya kwa mtu yeyote.

Rehema: Nikiona kozi inanishinda si naiacha mapema?

Kaka Idrisa: Ukiacha moja unabaki na krediti 12, umevunja sharti la pili. Masharti haya mawili yanakubana huku na huku. Ukitaka pa kupumulia itabidi usajili 18, nazo 18 zinashusha wastani.

Shangazi Zainab: Wifi, usiogope bado, masharti ya aina hii yapo vyuo vingi. Linaloamua ni namna wanavyoyatekeleza. Wanapima kila muhula au mwisho wa mwaka? Ukishuka kuna muhula mmoja wa kujirekebisha? Ukipanda tena, ufadhili unarudi? Na lililo kubwa: kati ya waliopewa ufadhili huuhuu miaka mitatu iliyopita, wangapi bado wanao leo? Wakijibu kwa namba, vizuri. Wakijibu kwamba wanafunzi wao wengi hufanya vizuri, hesabu kwamba hamjajibiwa.

Baba mdogo Salum: Na msidhani ahadi hutetereka kwa vyuo dhaifu peke yake. Olin College of Engineering, Marekani, ni kidogo na wahandisi wanakiheshimu. Kilipofunguliwa kila aliyekubaliwa alisamehewa ada yote. Mtikisiko wa fedha wa 2008 ulipoupiga mfuko wao, msamaha ukashushwa hadi nusu. Kwa hiyo ulizeni: kiasi hiki kimefungwa kwa maandishi kwa miaka yote minne, au "kulingana na upatikanaji wa fedha"?

*Jumamosi asubuhi*

Bibi: Mmehesabu mpaka usiku. Mimi nauliza, mtoto ana alama za juu hivyo, kwa nini aende kusikojulikana?

Shangazi Zainab: Shikamoo Mama. Swali hilo limefanyiwa utafiti. Wachumi Stacy Dale na Alan Krueger, mwaka 2002, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wamarekani walioanza chuo 1976. Hawakuchukua wa vyuo vikubwa na kuwapima na wa vyuo vidogo hivihivi tu. Walilinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya viwango vinavyofanana, wengine wakaenda chenye ushindani mkubwa zaidi na wengine wakachagua cha chini yake. Miaka mingi baadaye mishahara yao ilikuwa karibu sawa. Uwezo aliokuwa nao mtu ulikuwa na uzito kuliko jina la mlango alioingilia.

Shangazi Zainab: Ila isomeni yote: watoto wa familia zenye kipato cha chini walinufaika na chuo chenye ushindani. Na vyuo vilivyopimwa vilikuwa vya viwango vizuri, kwa hiyo utafiti ule hautoi ruhusa ya kwenda chuo chochote.

Kaka Idrisa: Kutojulikana nako kuna sababu nyingi. Ashesi ya Ghana ilianza 2002 na wanafunzi 30. Ilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha Cape Coast hadi ilipopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2018. Aliyeingia miaka ile ya mwanzo aliingia chuo kisichojulikana kabisa. Lakini kuna vingine havijulikani kwa kuwa havijazalisha wa kujulikana nao. Rehema, angalia kama chuo chako kina hati yake au kinalelewa. Kama kinalelewa, uliza cheti kitabeba jina la nani.

Rehema: Kina hati yake tangu 2011. Nimeangalia kwenye orodha ya mamlaka ya elimu ya juu, kimo.

Kaka Idrisa: Safi, umeangalia kwa mamlaka na si kwa chuo. Hiyo ni ithibati ya chuo, yaani kutambuliwa rasmi. Sasa ya programu. Kwenye uhandisi ni vitu viwili tofauti, na watu wanaumizwa hapo kila mwaka. Mkataba wa Washington wa 1989, unaofanya nchi zilizosaini zitambuliane shahada za uhandisi, unatambua programu moja moja. Chuo kinaweza kuwa na uhandisi wa ujenzi uliotambuliwa na wa umeme usiotambuliwa, kwenye jengo moja. ABET, shirika la ithibati la Marekani, ni hivyohivyo: inapima programu, na haiipi ithibati mpaka iwe imetoa angalau mhitimu mmoja. Kwa hiyo programu mpya kabisa haiwezi kuwa nayo, hata iwe nzuri namna gani.

Rehema: Wameandika "programu zetu zina ithibati".

Kaka Idrisa: Zipi? Mpaka mwaka gani? Ithibati ina mwisho wake. Ingia tovuti ya bodi ya wahandisi, tafuta jina la shahada neno kwa neno. "Uhandisi wa umeme" na "uhandisi wa umeme na elektroniki" si kitu kimoja kwenye orodha.

Shangazi Zainab: Nami nakupa kazi mwanangu, itakula asubuhi yako. Pakua kitabu cha kozi, hesabu kozi za kuchagua za mwaka wa tatu na wa nne. Kisha tafuta ratiba za masomo za mihula minne iliyopita, uone ni zipi zilifundishwa kweli. Andika na jina la mhadhiri wa kila moja.

Bibi: 🎤 *0:04*

Baba mdogo Salum: Mama, sauti hiyo ni ya kuku tu 😀

*Jumamosi, saa 9 alasiri*

Rehema: Kitabu cha kozi kina kozi 14 za kuchagua. Ratiba za mihula minne: zimefundishwa 5. Mifumo ya nishati mara mbili, mashine za umeme mara mbili, antena, elektroniki ya nguvu, mitandao ya kompyuta, moja moja. Majina ya wahadhiri ni matatu tu. Mmoja ana kozi sita, kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa nne.

Shangazi Zainab: Hapo sasa tunaongea. Mwanafunzi wa kawaida hataliona hili tatizo, atachukua hizo tano na kuhitimu. Anayepanda haraka ndiye anayegonga dari. Kufika katikati ya mwaka wa tatu kozi zilizobaki utakuwa umeshazimaliza.

Kaka Idrisa: Na angalia zilizokosekana: udhibiti wa hali ya juu, uchakataji wa mawimbi, saketi jumuishi. Zimo kitabuni, hazijafundishwa miaka miwili. Anayetaka umeme wa gridi atatosheka hapo. Rehema anayesema anataka roboti, hizo ndizo kozi zake.

Mama Rehema: Basi tukiache?

Shangazi Zainab: Sijafika huko wifi. Idara ndogo ina upande wake. Kwenye darasa la 400 atatoka na cheti kizuri na barua za kumwombea uzamili zinazosema "alipata A katika kozi yangu". Barua ya namna hiyo haina uzito. Kwenye darasa la 25, mhadhiri akimtia maabara mwaka wa pili, barua itasema alijenga nini, kiliharibika wapi, akakitengenezaje. Ila hilo lithibitishwe. Tafuta machapisho ya wale wahadhiri watatu, uone kama kuna majina ya wanafunzi wa shahada ya kwanza humo. Kisha mwandikie mmoja, swali moja la kitaaluma, mistari minne. Asipojibu wiki hii mnayotafutwa, hatakujibu mkishalipa.

Baba mdogo Salum: Na mlango wa kutokea uwepo. Waulize kama wana makubaliano na chuo kingine ya kuchukua kozi na krediti zikahamishika. Kozi mbili za udhibiti zikichukuliwa kule, tatizo la Idrisa limepungua.

Rehema: Brosha yao inasema asilimia 95 ya wahitimu wameajiriwa. Hiyo inasaidia?

Baba mdogo Salum: Asilimia 95 ya nani? Wahitimu 200, waliojibu dodoso 60, wenye kazi 57: hiyo ni 95. Lakini 57 kati ya 200 ni 28.5, na wale 140 hakuna anayejua walipo. Tena "kazi" ipi, ndani ya miezi mingapi? Bora uombe idadi ya walioanza uhandisi wa umeme mwaka fulani na idadi ya waliohitimu kwa wakati. Hiyo ina rekodi ya msajili.

Baba mdogo Salum: Jambo langu la mwisho, kisha nanyamaza. Mahesabu yaliyokaguliwa. Angalieni mambo mawili: idadi ya wanaodahiliwa kwa miaka mitano, na ada ni sehemu gani ya mapato. Chuo kinachokula ada peke yake, udahili ukishuka miaka miwili mfululizo, kinaanza kupunguza wahadhiri. University of the Arts ya Philadelphia, yenye historia tangu miaka ya 1870, ilitangaza mwisho wa Mei 2024 kwamba inafunga, na Juni 7 ikafunga. Wiki moja.

Mama Rehema: Ee Mungu. Na wanafunzi?

Baba mdogo Salum: Walihangaika kuhamia vyuo vingine. Ndiyo maana Rehema popote utakapokwenda, tunza silabasi ya kila kozi, PDF, yenye jina la mhadhiri na saa za masomo. Chuo kipya kinapima krediti zako kwa silabasi. Jina la kozi peke yake halimwambii mtu kitu.

*Jumapili usiku*

Rehema: Naomba mnisomee kabla sijatuma: "Ningependa kujua kama mna kozi za kutosha za mwaka wa nne na kama ufadhili ni wa uhakika..."

Shangazi Zainab: Hapana. Swali la kujibiwa "ndiyo" litajibiwa "ndiyo". Andika: "Naomba orodha ya kozi za kuchagua zitakazofundishwa mihula minne ijayo. Naomba idadi ya waliopewa ufadhili huu miaka mitatu iliyopita na wangapi wanao sasa. Naomba kujua kama wastani hupimwa kwa muhula au kwa mwaka." Mkuu wa idara, nakala ofisi ya ufadhili.

*Jumatano mchana*

Rehema: Wamejibu. Waliopewa 22, walionao bado 13. Wastani hupimwa kila muhula, hakuna muhula wa kujirekebisha. Mhadhiri mpya wa udhibiti ameajiriwa, anaanza muhula ujao, kozi mbili. Na yule mhadhiri niliyemwandikia amejibu aya tatu, ameniambia nisome kwanza kuhusu motor za hatua (stepper), zile zinazozunguka hatua kwa hatua.

Kaka Idrisa: Motor za hatua! Huyo anajua anachokiongea. Programu nimeiona kwenye orodha ya bodi, ithibati ina miaka mitatu mbele. Itaisha kabla hujahitimu, kwa hiyo ukaguzi ujao ni wa lini, uliza.

Baba mdogo Salum: 13 kati ya 22 ni asilimia 59. Yaani wawili katika kila watano wameupoteza. Kwa upande wa masomo chuo kimepanda machoni pangu, kwa upande wa fedha bado. Shemeji, mna nguvu ya kujadiliana, wanamtaka. Ombeni mambo mawili: wastani upimwe kwa mwaka, na ufadhili uwe asilimia 60 ya ada ya kila mwaka badala ya kiasi kile kile. Wakikubali la kwanza tu, mie naridhika. Wakikataa yote mawili, chuo cha umma.

Mama Rehema: Amana ya kushikia nafasi mwisho Jumatatu. Tulipe huku tukisubiri?

Baba mdogo Salum: Inarudishwa?

Rehema: "Hairudishwi."

Baba mdogo Salum: Basi ombeni siku saba za nyongeza, kwa barua pepe, leo. Na la wastani lije kwenye barua ya udahili iliyorekebishwa, yenye tarehe na sahihi. Likisemwa kwenye simu halijasemwa.

Rehema: Sawa ba'mdogo. Naandika sasa hivi.