Mlioomba hifadhi ya ukimbizi, tupeane uzoefu: usaili ulikuwaje?

Mleta mada
Wakuu, mdogo wangu ameitwa usaili wiki ijayo na usingizi umemtoka. Kila mtu anampa lake: mara "ukitoka kwenye vita unapita tu", mara "bila pasipoti umekwisha". Mliopitia, nipeni yenu, si ya kusikia.

Nyota Njema
Mimi niliingia na habari za vita. Afisa akasikiliza weee, kisha akauliza: "Sawa, ila wewe walikutafutia nini?" Nikaganda. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unataka hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu ya asili, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Kilichoniokoa ni kadi ya chama. Ila mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamtambua pia aliyekimbia uvamizi au machafuko makubwa, hata kama hakuna aliyemsaka kwa jina. Aulize kesi yake inapimwa kwa upi.

Mzee wa Rufaa
Yangu iliharibiwa na neno moja. Nilisema baba mdogo aliuawa, mkalimani akatafsiri "baba". Saa moja baadaye nikasema baba alinipigia simu nikiwa mpakani. Barua ikaja: maelezo yanagongana, mwombaji haaminiki! Na kurasa zote nilikuwa nimezisaini bila kusomewa, njaa inauma, nataka nitoke tu. Kwenye rufaa wakili alihangaika kueleza kwamba tunao akina baba zaidi ya mmoja. Nikapewa hadhi ya ukimbizi, miezi kumi na moja imeshapita. Mdogo wako aombe kusomewa kabla ya kusaini, na mkalimani akibabaisha aseme palepale.

Mpita Usiku
Pasipoti isimtishe. Ibara ya 31 ya mkataba wa 1951 inakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali akitokea moja kwa moja kwenye hatari, mradi ajitokeze bila kuchelewa na awe na sababu ya msingi. Hilo "bila kuchelewa" ndilo lililonitesa. Nilijificha wiki sita kwa rafiki, kila nikiona sare natetemeka. Nikahojiwa hizo wiki sita kuliko hata kilichonikimbiza.

Mleta mada
Akikataliwa, anarudishwa kesho yake?

Nyota Njema
Ibara ya 33 ya mkataba huohuo wa 1951 inakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Na mtu ni mkimbizi tangu anapotimiza vigezo, karatasi inakuja kutambua tu, kwa hiyo hata anayesubiri majibu analindwa. Akikataliwa akate rufaa haraka, muda huwa mfupi.

Mzee wa Rufaa
Bahasha aifungue siku hiyohiyo. Mimi nililala nayo siku nne kwa woga.

Mleta mada
Nimemsomea ya baba mdogo, akashika kichwa. Maelezo yake yana mama wawili, mmoja ni mama mkubwa. Hapa tumekaa chini tunachora ukoo mzima kwenye karatasi.