Naomba ushauri: filamu fupi ya mabinti waliorudi shule baada ya kujifungua

Habari zenu wakuu. Nafundisha sekondari moja huku Morogoro. Klabu yetu inatengeneza filamu fupi kwa simu kuhusu mabinti waliorejea masomoni tangu serikali iondoe zuio Novemba 2021. Ruhusa wanayo, lakini mtoto anaachwa na nani? Hapo ndipo penye hadithi.

Binti mmoja kakubali kusimulia, ila hataki sura ionekane. Tumerekodi mikono yake tu, akiviringisha madaftari kwenye kanga. Picha imetulia, ila kwa sauti kijiji kizima kitamjua. Tukiibadilisha kwa programu inatoka kama katuni, naona ni kumdhalilisha. Mwenzake amsomee, au tuchore? Na ridhaa: ana miaka 19, mzazi bado asaini?