Naomba kujua: hao TCRS wanaotajwa na wazee wa Mishamo walikuwa akina nani hasa?

Mjukuu_Bulamata:
Habari za jioni wakuu. Babu yangu yuko Bulamata, kwenye yale makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Mpanda. Aliingia nchini 1972 akitokea Burundi. Kila akianza simulizi lazima TCRS waingie: shule ile walijenga wao, kisima kile chao, hata shoka lake anadai ni la TCRS, ila mpini kashabadilisha mara kadhaa. Nikimwuliza ni akina nani ananijibu "Walutheri", basi, yamekwisha. Na yeye mwenyewe Mpentekoste! Mimi nimezaliwa nikakuta hawapo. Walianza lini, na kwa nini waliondoka? Na ni wao waliohamisha watu kutoka makazi ya Ulyankulu, Tabora, kuja Mishamo?

Barabara_ya_9:
Marahaba mjukuu, najua salamu ilikuwa njiani.

TCRS ni Tanganyika Christian Refugee Service. Ilianza 1964, ndiyo maana jina limebaki na Tanganyika. Nyuma yake lilikuwepo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, kwa hiyo babu hajakudanganya. Lakini hawakuuliza mtu dhehebu. Kwetu Wakatoliki, Wapentekoste na wasiosali kabisa walipanga foleni moja.

Kazi iligawanywa kwa watatu. Serikali ilitoa ardhi na kumweka mkuu wa makazi, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ikatafuta fedha, TCRS wakashika kazi yenyewe: barabara, visima, madarasa, zahanati. Walianza na Wanyarwanda, wengine wakapelekwa Mwesi, kule milimani Mpanda. Sisi Warundi tukafuata: Ulyankulu 1972, Katumba 1973, Mishamo ikaja mwishoni mwa miaka ya sabini.

Sasa vijana wengi wanadhani tulikabidhiwa nyumba. Nyumba gani! Lori lilitushusha kando ya barabara iliyochongwa juzijuzi na tingatinga, mbele pori, nyuma pori, mbung'o wanauma mpaka juu ya shati. Baba akaonyeshwa kipande chake. Tukapewa jembe, panga, shoka, mbegu na mgao wa chakula hadi tuvune. Mama hakuupenda ule unga wa njano hata siku moja, alisema ugali wake unanuka gunia. Nadhani ndiyo sababu alilima muhogo kwa hasira vile.

Barabara zilipewa namba, na nyumba zikapangwa kufuata barabara. Hiyo Barabara ya 13 mnayoisikia kwenye jina la kwaya ya Ulyankulu ni hizo hizo. Kuna mtu Dar alibishana na mimi kuwa ni mtaa wa mjini, nikamwacha.

Kuhusu kuhama: Ulyankulu watu walizidi na maji hayakutosha. Uamuzi ulikuwa wa serikali, TCRS wakaiandaa Mishamo, vijiji 16, kila kaya hekta 5. Wengi hawakutaka kuanza pori upya. Mama yangu aligoma kupanda lori hadi kuku wake wote wapakiwe, na walipakiwa.

Na kuondoka kwao ulikuwa mpango tangu mwanzo: watu wakishajilisha, makazi yanakabidhiwa serikalini. Mishamo ilikabidhiwa 1985. Mimi nawaheshimu hapo kuliko kwenye visima. Wafadhili wangapi wanakubali kwamba kazi yao imekwisha?

Pori_la_Mpanda:
Mzee shikamoo. Umesema vizuri ila usiwapambe sana. Chini ya sheria ya wakimbizi ya 1966, ukitaka kutoka nje ya makazi ulihitaji kibali. Unalima gunia la maharage, kuliuza Mpanda mjini mpaka upate karatasi. Kujitegemea gani huko?

Halafu msitusahau wenyeji. Mimi ni Mbende. Zahanati za makazi zilitutibu na sisi, na baba alijifunza ufundi magari kwenye gereji ya makazi. Lakini pori lile tulikuwa tunaweka mizinga ya nyuki. Sikumbuki kusikia kwamba wazee wetu waliulizwa.

Barabara_ya_9:
Marahaba. La kibali ni kweli, na lilituuma. Sheria ilikuwa ya nchi, si yao, ila waliifanyia kazi bila kelele. La mizinga sina la kukujibu, mna haki.

Bint_Lindi:
Kusini pia TCRS walikuwepo. Rutamba, Lindi, walikaa Wamsumbiji waliokimbia vita vya ukombozi. Nchi yao ilipopata uhuru 1975 walirudi kwao. Bibi yangu ana rafiki aliyeondoka kipindi hicho, mpaka leo anamtaja kwa jina la utani.

Mjukuu_Bulamata:
Shikamoo wazee wote, nimechelewa kuamkia. Kwa hiyo cheti cha uraia cha babu cha 2014 nacho walikileta wao?

Barabara_ya_9:
Hapana, hicho ni cha serikali. Mwisho wa 2007 ulipangwa mpango wa kuturudisha au kutupa uraia, kila mtu achague. Makumi ya maelfu walirudi Burundi. Sisi wengine tulikubaliwa uraia 2010, lakini vyeti vikakaa ofisini, maana kwanza walitaka tutawanyike mikoa mingine. Sharti hilo likaachwa, na Kikwete akaanza kuvigawa Oktoba 2014. Tulikuwa zaidi ya 162,000.

TCRS wenyewe hawajafa. Tangu 2006 ni shirika la Watanzania, na Warundi walipokimbilia tena huku 2015, shirika lilirudi kufanya kazi makambini Kigoma. Wengi wanaofanya kazi za miradi vijijini hawajui hata kuwa lilianzia kwa wakimbizi.

Sasa nifanyie kazi moja. Muulize babu alikaa barabara ya ngapi Ulyankulu kabla ya kuhamia huko. Akisema 9, muulize kama anawajua wenye lile bani la kukaushia tumbaku lililoungua.