Kiropraktori mara ya kwanza: mgonjwa ajue nini kabla ya kupanda mezani?

Tantine wa Kamalondo aliuliza:

Jambo kwenu wote wa L'shi (Lubumbashi) na wa kwingineko. Kuna mama wa miaka 58, kiuno kinamuuma huu mwezi wa tatu, maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kigimbi. Ana tansio (shinikizo la damu), anameza dawa zake kila siku. Watoto wake walioko Johannesburg wanataka aende kule aonwe na kiropraktori, yule anayetibu mgongo kwa kusukuma viungo kwa mikono. Huku kila mtu ana lake: mmoja anasema watamvunja, mwingine anasema seansi moja tu na mgongo unarudi mahali pake. Wenye kuijua kazi hii, tuelezeni: anafanya nini hasa, anatofautiana vipi na kine (mtaalamu wa fiziotherapia), mama apige radio (picha ya eksirei) kwanza ama hapana, na ni nani asiyefaa kabisa kuguswa? Aksanti.

Kine wa Katuba akajibu:

Yaya, tuanze na hilo la mgongo kurudi mahali pake, maana ndilo linalopotosha wengi. Mfupa wa mgongo ukitoka kweli mahali pake, huyo ni mtu wa kupelekwa lopitali kwa machela. Kiropraktori anasukuma kiungo kwa kasi, lakini kwa umbali mdogo sana, kikapita kidogo tu pale ambapo kingeishia kikijongea chenyewe. Ule mlio unaosikika ni wa gesi. Ndani ya kiungo mna majimaji; nyuso mbili zikiachana ghafla, mgandamizo unashuka na povu la gesi linatokea. Ndiyo maana kiungo kikishalia, hakilii tena mpaka zipite dakika 20 hivi. Na kisipolia, kazi haijaharibika. Kinachopatikana ni misuli kulegea na maumivu kupungua kwa muda, mgonjwa akapata nafasi ya kutembea na kufanya mazoezi.

Kazi hii ilianzishwa na Daniel David Palmer mwaka 1895, Davenport, Marekani. Yeye aliamini kwamba karibu kila ugonjwa chanzo chake ni mgongo, na wapo hadi leo wanaouza imani hiyo. Mtu akikuahidi kutibu tansio, pumu, utasa au mtoto anayekojoa kitandani kwa kusukuma mgongo, chukua mkoba wako uende. Kwa kiuno ni habari nyingine. Mwongozo wa OMS (Shirika la Afya Duniani, WHO) wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu unakubali tiba hii ya mikono, kwa masharti, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvuta mgongo kwa mashine, vitu ambavyo kwetu watu wanavinunua kila siku.

Kine naye anatumia mikono, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni mazoezi, kurudisha nguvu na kumfundisha mtu kusogea, hata baada ya mvunjiko au kiharusi. Kwa kiuno cha kawaida, kine mzuri wa hapa Lubumbashi na kiropraktori mzuri wa Johannesburg matokeo yao hayapishani sana. Kama mama hana safari nyingine ya kule, sioni sababu ya kupanda basi kwa ajili ya hilo tu.

Akienda, aangalie atakavyopimwa kabla ya kuguswa. Ziara ya kwanza ichukue nusu saa mpaka saa moja, na sehemu kubwa iwe maswali na vipimo. Lazima apimwe tansio. Ikikutwa 180 kwa 110, siku hiyo hakuna kusukumwa, anakwenda kwa dokta. Agongwe kwa kinyundo chini ya goti na nyuma ya kisigino: kisigino cha upande mmoja kikikosa kujibu, mshipa wa fahamu wa S1, unaotoka chini kabisa ya kiuno, unashukiwa. Atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Aambiwe avute kidole gumba cha mguu juu huku mtu anakizuia. Kikishindwa, fikiria L5, mshipa ulio juu yake. Alale chali, mguu unyanyuliwe ukiwa umenyooka: maumivu yakishuka chini ya goti kati ya digrii 30 na 70, mshipa unabanwa. Na ukinyanyua mguu usio na shida halafu ule mgonjwa ndio unaouma, shuku zaidi diski, ile mito laini iliyo kati ya mifupa ya mgongo.

Kama hayo yote yamerukwa na mtu anakwambia lala kwa tumbo, usilale.

Radio si ya kila mtu. Maumivu ya kiuno yasiyo na dalili za hatari hayahitaji picha katika wiki sita za kwanza. Tena radio haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu, inaonyesha mifupa. Diski inaonekana kwa IRM (MRI). Hilo neno "artroze" (viungo kuchakaa) ambalo kila mtu wa miaka zaidi ya 40 anarudi nalo kutoka chumba cha radio, wengi wanalo na hawaumwi chochote. Ila kwa mama wa miaka 58, maumivu yaliyofika mwezi wa tatu na kushuka mguuni, dokta amwone kwanza, ndipo aamue picha. Kama ana radio za zamani, azibebe zote pamoja na orodha ya dawa, hata zile za mizizi.

Nesi wa Ruashi akajibu:

Naongezea upande wa nani asiguswe, maana hapo ndipo watu wanapoumizwa.

La kwanza kwetu ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu yanakua polepole wiki kwa wiki, usiku yanazidi, homa inakuja jioni, jasho linalowesha shuka, mwili unakonda, wakati mwingine kinundu kinatokea katikati ya mgongo. Mfupa umeliwa kwa ndani. Ukiusukuma unaweza kuporomoka juu ya uti na mtu akapooza miguu. Makohozi yakitoka safi, hiyo haiondoi shaka, kwa sababu ugonjwa unaweza kuwa mgongoni huku mapafu hayana kitu. Dokta ndiye anayeagiza radio na vipimo vinavyofuata, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

La pili ni mfupa uliodhoofika. Hapa naomba watu waseme ukweli mbele ya mtaalamu: wangapi wanameza dexa ili wanenepe? Dexamethasone ya muda mrefu inadhoofisha mifupa na tena inaficha homa. Mama aliyepita miaka 50 na amemeza dexa kwa miezi, mgongo wake usisukumwe kwa kasi kabla mifupa haijaangaliwa. Na asiikatishe ghafla akisikia hivi. Dokta aipunguze kidogo kidogo, la sivyo mwili utakosa homoni ambayo umeacha kuitengeneza wenyewe, na hiyo inaweza kuua.

Wengine ni mwenye anemia SS (selimundu), kwa kuwa maumivu yake yanaweza kuwa ya mfupa uliokosa damu. Mwenye historia ya kansa. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Aliyeanguka na pikipiki au kutoka juu ya kamyo (lori), hata kama anatembea. Mjamzito anaweza kutibiwa kwa njia nyepesi, akilazwa kwa ubavu, lakini akiwa na homa na mkojo unauma, hicho kiuno huenda ni figo.

Halafu kuna hali isiyosubiri kesho: ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila kujua, miguu yote miwili kulegea. Lopitali siku hiyohiyo, hata usiku. Mishipa ya fahamu ya chini ya uti inabanwa, na kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kupona.

Mzee Kasumbalesa akajibu:

Upande wa pesa na karatasi. Afrika Kusini kiropraktori haruhusiwi kufanya kazi bila kuandikishwa kwenye baraza linaloitwa AHPCSA. Muulizeni namba yake. Asiye na aibu anaitaja palepale. Wanasomea Durban University of Technology na University of Johannesburg. OMS yenyewe, katika mwongozo wake wa 2005, ilitaka masomo ya miaka minne yenye saa zisizopungua 4200, na 1000 kati ya hizo ziwe za kutibu chini ya usimamizi. Mkilinganisha na yule wa mtaani anayepanda juu ya mgongo wa mtu kwa miguu, mtaona tofauti.

Asikubali kulipia seansi 30 kwa mkupuo, hata wakimpunguzia bei. Seansi mbili kwa wiki, ikifika wiki ya nne wapime upya. Hakuna nafuu? Aache, arudi kwa dokta. Hiyo ya "matengenezo ya kila mwezi maisha yote" ni biashara yao.

Tantine wa Kamalondo akaandika:

Aksanti sana, nimeelewa mengi. Bado mawili. Wakitaka kumsukuma na shingo je, wakati anaumwa kiuno? Na baada ya seansi ajisikieje, anaweza kupanda basi la kurudi?

Kine wa Katuba akajibu:

Shingo aikatae. Ana haki, na mtaalamu wa kweli hataudhika. Hata mwenye shingo inayouma kuna njia ya kusogeza polepole bila kusukuma kwa ghafla. Hatari yenyewe ni nadra lakini ni kubwa: mishipa miwili ya damu inapita ndani ya mifupa ya shingo kwenda ubongoni, na ukuta wake ukichanika damu inaganda pale, kiharusi kinafuata. Anayekuja na maumivu mapya ya shingo au kichwa ambayo hajawahi kuyasikia, pamoja na kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kumeza kwa shida au ganzi usoni, huyo asiguswe shingo kabisa, apelekwe lopitali. Dalili hizo zikija baada ya seansi, ni vilevile. Kinyozi anayezungusha kichwa cha mteja baada ya kunyoa hajui lolote kati ya haya, na watu wanamwongezea na bakshishi!

Siku ya kwenda avae nguo pana anayoweza kukunja magoti nayo, akojoe kwanza, asile akashiba sana. Asichome diklofenaki (dawa ya maumivu) asubuhi hiyo ili "awe sawa": maumivu yatajificha na vipimo vitadanganya, tena kwa mwenye tansio dawa hiyo inaipandisha. Dawa yake ya tansio ameze kama kawaida. Ana haki ya kuingia na mtu wake, na ya kuambiwa kila kitu kabla hakijafanyika. Akisema simama, mikono inasimama.

Kwa umri wake ningeomba njia nyepesi: meza yenye sehemu inayoshuka kidogo ikisukumwa, au kifaa kidogo chenye springi kinachogonga, badala ya kupindwa kiuno akiwa amelala ubavu. Kukiwa na shaka ya diski, kupinda kwa nguvu ndiko kunakokasirisha mshipa.

Baada ya seansi, uchovu na maumivu kama ya mtu aliyelima vinaweza kuja, viishe ndani ya saa 24 hadi 48. Kinachoangaliwa ni mahali maumivu yalipo. Yakipanda kutoka kigimbi kuja kwenye paja, halafu tako, anaelekea kupona, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi siku hizo. Yakishuka kwenda vidoleni, au mguu ukaanza kukokota, seansi zisimamishwe na dokta aitwe.

Basi asilipande siku hiyo wala kesho yake. Kukaa kwa saa nyingi kunabana diski kuliko kusimama, na barabara ya kwetu mnaijua. Apite siku mbili au tatu akitembea dakika kumi kumi, mara nne au tano kwa siku. Garini achague kiti cha mbele ya ekseli ya nyuma, kwa sababu viti vya nyuma kabisa vinarusha mtu zaidi. Akunje kitambaa kiwe na unene wa mkono wa mtu, akiweke nyuma ya kiuno, ashuke kila gari linaposimama. Mizigo wabebe wengine. Akifika nyumbani, maji asibebe bidoni ya lita 20. Zigawanywe mbili za kumi, kila mkono moja, na aziinue kwa magoti zikiwa karibu na mwili.