Pengwini anataga mayai mawili halafu la kwanza analitosa??

Mtazamandege
Wadau naomba kueleweshwa. Kuna huyu pengwini wa New Zealand mwenye kishungi cha njano kilichosimama kama brashi, Eudyptes sclateri, nasikia anataga mawili halafu lile la kwanza halijali kabisa. Ni kweli au stori tu? Ndege gani anataga ili apoteze

KasukuMzee
Ni kweli mkuu. Anataga mwezi wa kumi, yai la kwanza dogo, siku kama tano baadaye linakuja la pili ambalo uzito wake unakaribia mara mbili ya lile. La kwanza mara nyingi halifiki hata siku ya la pili. Nadhani linabiringika tu, maana kule visiwa vya Bounty anakozaliana ni mwamba mtupu, hamna mti wala udongo, kiota chenyewe vikokoto viwili vitatu au hamna kitu.

BintiBahari
Kasuku hapo kwenye kubiringika nakupinga kidogo. Mwaka 1998 watafiti walikaa visiwa vya Antipodes, ambako pia anazaliana, Lloyd Davis na wenzake, baadhi ya viota wakavizungushia mawe ili yai lisitoke na bado mayai ya kwanza yakapotea, pengwini wengine wanalitaga tu na kulikalia hawalikalii, na kuna waliolisukuma wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2022. Maelezo yao ni kwamba wazee wao walikuwa wanalea wawili, siku hizi chakula kiko mbali baharini, uduvi na samaki wadogo, kifaranga mmoja tu ndo anawezekana, sasa kati ya yai dogo na kubwa we ungebaki na lipi? Ila kwa nini la kwanza ndo liwe dogo, hapo bado watu wanabishana, wengine wanasema mama anaanza kulitengeneza akiwa bado anaogelea kurudi nchi kavu.

Mtazamandege
Duh asante dada, kumbe anapiga hesabu. Na hicho kishungi kinasimama muda wote?

KasukuMzee
Hapana, akitoka majini kimelala chapa kichwani kama nywele zilizonyeshewa, akijikung'uta kikakauka anakisimamisha tena, na akitaka anakilaza. Kuhusu mawe nimekubali, sikuwa na habari za utafiti huo.