Mnatuambia data inakaa milele, mbona mafaili yangu hayapo?

Wakuu, nina hasira na leo naongea. Kuna jamaa wana programu ya kutunza mafaili, jina naliacha, waliniambia nikishalipia kwa tokeni (sarafu ya kidijitali) basi data imesambazwa kwenye mtandao usio na bosi, hakuna wa kuifuta, ni milele. Nikaamini nikapakia video za familia na kazi zangu zote. Juzi nafungua, hakuna kitu. Nawauliza wananijibu "mkataba uliisha". Mkataba gani?? Nani aliniambia kuna mkataba?

Ikabidi nikae nisome mwenyewe Filecoin, mtandao wa watu wanaokodisha nafasi kwenye diski zao, inavyofanya kazi, maana ndo waliyosema wanaitumia, na hapo hasira zikazidi kwa sababu kumbe yote yameandikwa. Unamlipa FIL, yaani tokeni ya Filecoin, mwenye diski akutunzie data kwa muda mliokubaliana, na yeye anaweka FIL zake dhamana, halafu kila saa 24 lazima atoe ushahidi wa kihesabu kwamba data bado anayo, akishindwa anakatwa. Hapo tokeni inafanya kazi ya maana kabisa na sina ugomvi nayo, huna haja ya kumjua mtu wala kumwamini maana akizembea hela yake inaondoka. Lakini hiyo dhamana inakulinda ndani ya mkataba TU. Ukiisha bila kuongezwa muda, jamaa mkataba wako haumlazimishi tena kukaa na mafaili yako, anaweza kufuta akaweka ya mwingine.

Na ile anwani ndefu ya IPFS (mfumo wa kutafuta na kugawana mafaili mtandaoni) wanayokupa ni kama alama ya kidole ya faili, inakuambia faili ni lipi, haisemi kuna mtu analo. Mimi nilizitunza kama mboni ya jicho!

Halafu wengine wanatutolea mfano wa Arweave, mtandao mwingine wa kutunza data. Kule unalipa mara moja na sehemu kubwa ya hela inaingia kwenye mfuko wa kuwalipa watunzaji wa baadaye, ni mpango mwingine kabisa, msituchanganyie.

Filecoin iko hewani tangu Oktoba 2020, kwa hiyo nyie wenye programu msiniambie bado mnajifunza. Tarehe ya mkataba kuisha mlikuwa nayo, barua pepe yangu mlikuwa nayo, mlishindwa nini kunitumia mstari mmoja?

Nyie wengine mlioweka vitu huko nendeni mkaangalie tarehe zenu leo leo.