Pikapu gani ya briji kwa gitaa la umeme? Naomba ushauri wakuu

Rifu_Nzito:
Habari zenu wakuu. Nina gitaa la umeme lenye pikapu tatu (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi): hambaka moja, ile ya koili mbili, kwenye briji pale nyuzi zinapofungwa, na singo koili mbili, moja katikati moja shingoni, tremolo yake (ule mkono wa kutikisa nyuzi) Floyd Rose. Singo sina ugomvi nazo. Shida ni hiyo hambaka, nikicheza klini (sauti safi) iko sawa tu ila nikiwasha distoshoni (ya kukwaruza) sauti inakua kama mtu anaongea kajifunika blanketi, nikipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) ya nyuzi nne noti zote zinaungana inabaki ngurumo, halafu nikipandisha voliumu inaanza kupiga mluzi yenyewe hata sijagusa uzi. Nimeipima na mita inasoma kilo-omu 8 na kidogo, jamaa yangu akasema hiyo ni dhaifu chukua ya 16 nguvu itakua mara mbili. Nimebaki na tatu: Seymour Duncan JB, DiMarzio Super Distortion na EMG 81. Nacheza rifu (vile vipande vifupi vya kujirudia) nzito zaidi ila kuna nyimbo zinaanza klini. Ipi nichukue? Hela ni ya mara moja sitaki kujuta.

Mzigo_Kamili:
Nimeona pikapu nikajua gari, nimekuja mbio na maswali ya injini 😂😂 haya naondoka, uzi mwema na nyuzi zisikatike.

Solo_Hadi_Asubuhi:
JB funga mjadala. Sumaku alniko 5, sauti ya katikati imeshiba, ukivuta noti za juu inalia kama mtu anaimba. Ninayo miaka na miaka sijawahi kuitoa. Kasoro yake moja, kwenye gitaa ambalo lenyewe tayari ni kali inaweza kukukwaruza masikio huko juu.

Fundi_Waya:
Mkuu Rifu usinunue kitu kwanza. Jamaa yako kakupoteza bila kujua. Kilo-omu ni ukinzani wa waya tu, sio nguvu ya pikapu. Waya ukiwa mwembamba ukinzani unapanda wenyewe. JB inasoma 16 na pointi kwa sababu imesukwa kwa waya mwembamba kuliko ule wa hambaka za kizamani, Super Distortion inasoma 13 na pointi na kuna wengi wanaisikia inasukuma ampu (kikuza sauti) kuliko JB maana sumaku yake ni ya keramiki. Kwahiyo kulinganisha namba za pikapu mbili tofauti ni kama kulinganisha watu kwa namba za viatu.

Jingine, pikapu ikisukwa mizunguko mingi inapata nguvu na katikati inanenepa lakini noti kali za juu zinapungua. Wewe unalalamika blanketi halafu unataka kuongeza blanketi la pili? Zile za kwanza kabisa alizobuni Seth Lover pale Gibson miaka ya 50 zilikua kwenye 7 hadi 9 hivi na watu wamepiga rock nzito nazo mpaka leo, nguvu nyingine wanaitoa kwenye ampu.

Nijibu matatu: pikapu iko umbali gani na nyuzi ukiminya freti ya mwisho? Poti (vile vya kuzungusha) za voliumu na toni zimeandikwa namba gani kwa nyuma? Na huo mluzi, ukigonga pikapu kwa kucha unasikia kwenye spika?

Betri_Tisa:
Mnazunguka sana, EMG 81 imeshamaliza hiyo kazi. Haina kelele, rifu zinakatika kama kisu, mluzi utausahau.

Fundi_Waya:
@Betri_Tisa sibishi ubora wake, ila jamaa ana singo mbili za kawaida anazipenda. 81 inataka betri ya volti 9 na poti za 25k, ukiweka poti hizo singo zake zinakufa zinabaki kama simu ya zamani. Ukiacha poti kubwa, voliumu ya EMG inakua kama swichi, ukigusa kidogo imezima. Na kwenye lile tundu la nyuma betri ataibana wapi? Kama angekua anabadilisha zote tatu ningekuunga mkono.

Rifu_Nzito:
Nimerudi wakuu. Aisee nimeona aibu. Pikapu ilikua karibu kuigusa nyuzi, milimita moja haifiki, niliipandisha mwenyewe kipindi nataka iwe na nguvu. Nimeishusha hadi milimita 2 na nusu upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba, ngurumo imepungua palepale. Poti zote zimeandikwa A250K. Na ndio, nikigonga kwa kucha inasikika tok tok kwenye spika kabisa.

Fundi_Waya:
Hapo sasa tumefika. 250k ni poti ya singo, hambaka kwa kawaida inataka 500k. Kiwanda kimeweka 250k kuzitunza singo zako zisiwe kali, hambaka ndio imelipa gharama. Weka A500K ya voliumu hambaka ifunguke, halafu chukua rezista za 470k, moja kutoka pini ya singo ya katikati kwenye swichi kwenda ethi, nyingine hivyohivyo kwa ya shingoni. Singo ikiwa peke yake itaona kama 242k, karibu sawa na zamani. Ukichanganya zote mbili sauti itazama kidogo maana rezista zote zinakua ndani, mimi huwa hainisumbui.

Na huo mluzi, hiyo tok tok inaonyesha koili zinatikisika, pikapu haikuzamishwa vizuri kwenye nta ya kuzishika.

Solo_Hadi_Asubuhi:
Kwahiyo JB yangu inakaa vizuri kwenye 250k kwa sababu ule ukali wake unapunguzwa? Ndio maana! Miaka yote najisifia masikio kumbe ni poti.

Fundi_Waya:
😂 Ndio hivyo mkuu, hiyo ndoa inajulikana.

Kidole_Gumba:
Anaweza kuizamisha kwenye nta mwenyewe nyumbani, mafuta ya taa... samahani, nta ya mishumaa na nta ya nyuki kidogo. Ila chombo cha nta kikae ndani ya maji ya moto, USIWEKE juu ya moto moja kwa moja, inawaka, na ikizidi nyuzi joto 65 hivi ile plastiki ya koili inapinda. Mimi nimeshapindisha moja, niliiacha nikaenda kujibu simu.

Rifu_Nzito:
Nimebadilisha poti ya voliumu leo na rezista nimeweka. Sikutegemea. Kodi ya nyuzi nne nasikia kila noti, hambaka ileile "dhaifu"! Mluzi bado upo nikipandisha sana. Nta naogopa baada ya hadithi ya Kidole Gumba, nataka tu mpya ila sasa sitaki 16 tena. Fundi ungekua wewe?

Fundi_Waya:
Ya keramiki, mfano Seymour Duncan Custom inayosoma kama 14, chini inakaza haivimbi. Ukipenda klini zaidi kuliko rifu basi pikapu yao iitwayo 59. Agiza ile yenye nafasi pana ya nguzo (vile vichwa vya chuma chini ya kila uzi) maana kwenye Floyd Rose nyuzi zimeachana zaidi, ukichukua ya kawaida nyuzi za pembeni zinapita nje ya nguzo.

Kuchomelea: kwa Duncan waya mweusi ni laivu (unaobeba sauti), kijani na ule usio na plastiki ni ethi, mwekundu na mweupe unaviunga pamoja unaviziba kwa tepu. DiMarzio rangi ni tofauti, mwekundu ndio laivu, usichanganye. Ukimaliza jaribu briji pamoja na ya katikati, sauti ikiwa nyembamba kama inatoka puani, geuza mweusi na kijani, ule usio na plastiki ubaki ethi.

Rifu_Nzito:
Custom naagiza kesho. Hii ya zamani nampa jamaa yangu wa 16, aipime mwenyewe.

Kidole_Gumba:
Mpe na nta.